Jiwe Linalosema Sana na Msumari Ulionyamaza

Katika darasa letu la historia hapa kambini, swali hili halikosi: Wavikingi walifika Amerika kabla ya Columbus, ndiyo au hapana? Vijana wanajibu haraka, ndiyo. Mimi nawaambia, sawa, lakini ushahidi uko wapi? Tupime vitu viwili.

Cha kwanza ni jiwe la Kensington. Mwaka 1898 Olof Ohman, mkulima aliyehamia Marekani kutoka Sweden, alisema amelikuta shambani kwake Minnesota, limeshikwa na mizizi ya mti. Lina maandishi ya runi na mwaka kabisa, 1362. Linasimulia safari ya watu 30, na 10 waliokutwa wamekufa, wametapakaa damu. Wataalamu wengi wa lugha wamelikataa, maana Kiswidi chake ni cha karne ya 19. Tena liko peke yake: hakuna kaburi wala kambi ya watu hao iliyopatikana.

Cha pili ni L'Anse aux Meadows, kisiwani Newfoundland, Kanada. Mwaka 1960 Helge Ingstad kutoka Norwe alifika pale akiulizauliza, na George Decker, mwenyeji wa kijiji, akampeleka kwenye matuta yaliyofunikwa na nyasi. Mke wake, Anne Stine, mwanaakiolojia, akaongoza uchimbaji. Hawakukuta maandishi. Walikuta misingi ya nyumba 8, pini ya shaba ya kufungia joho, kijiwe cha kusokotea uzi, misumari, na mavi ya chuma. Wenyeji wa huko enzi hizo hawakuyeyusha chuma, kwa hiyo kuna mgeni aliyekuja na ufundi huo.

Lakini lini? Mwaka 2021 watafiti walitoa jibu. Mnururisho mkali wa angani wa mwaka 993 uliacha alama ndani ya miti ya dunia nzima. Wakachukua mbao za pale zilizokatwa kwa chuma, wakahesabu pete kutoka alama hiyo mpaka ganda: 28. Basi miti ilikatwa mwaka 1021.

Ubishi haujaisha. Walikaa muda gani? Walifika wapi? Kokwa za mti usioota Newfoundland zilikutwa pale, kumbe walishuka kusini zaidi.

Mbona jiwe bado lina wapenzi? Wahamiaji wa Skandinavia walilipenda kwa sababu liliwapa mizizi katika nchi ya ugeni. Hilo sisi tunalielewa. Wengi wetu hatuna karatasi ya kuonyesha tulikotoka, na mtu akikuambia babu yako alitangulia hapa, moyo unapoa.

Ila tunajua pia hasara yake. Neno "sisi tulifika kwanza" limewatoa watu majumbani mwao, wengine wako kwenye foleni ya maji hapa hapa. Ndiyo maana nawaomba wanafunzi wadai msumari, hata hadithi ikiwa tamu, hata ikiwa yetu. Na wasisahau: pale L'Anse aux Meadows, watu wa asili waliwahi kuishi kabla Mvikingi hajapigilia msumari wake wa kwanza.