Familia (biolojia)

Familia ni ngazi ya uainishaji wa viumbehai iliyo chini ya oda na juu ya jenasi. Ngazi kuu kuanzia juu ni domeni, himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi.

Mfaransa Pierre Magnol alipanga mimea kwa familia mwaka 1689. Carolus Linnaeus hakuitumia ngazi hiyo katika Systema Naturae ya 1735. Iliwekwa kati ya oda na jenasi baadaye.

Jina la kisayansi la familia ya wanyama huishia kwa -idae, kama Felidae (simba na paka), na la mimea kwa -aceae, kama Poaceae (nyasi, mahindi na mpunga).

Hakuna kipimo kinachoamua kundi lipi liitwe familia. Wataalamu hutazama nasaba ya viumbe, kisha hukubaliana. Giraffidae ina jenasi mbili tu zilizo hai, yaani twiga na okapi, lakini Orchidaceae (okidi) ina spishi zaidi ya 25,000. Kwa hiyo idadi ya familia pekee haionyeshi wingi wa aina za viumbe wa mahali fulani.