David Koi na Kijiji cha Fuladoyo

Ukisafiri kwa barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi, kabla hujafika Kilifi utaiona upande wa kulia njia iendayo Takaungu, mji wa kale ulio kando ya hori. Wengi huipita njia hiyo bila kuuliza neno. Lakini wewe msomaji, uliye katika kujifunza habari za nchi, yafaa ujue ya kwamba mwaka 1883 wenye watumwa wa mji huo walimwua mtu aitwaye David Koi, kiongozi wa Wakristo wachache wa kijiji cha Fuladoyo. Kanisa la Kianglikana humkumbuka kuwa shahidi wa kwanza wa Kenya.

Ili uelewe kisa chake, yakupasa kwanza kuielewa pwani ya siku zile. Takaungu ulikuwa mji wa Mazrui, waliohamia huko baada ya Seyyid Said kuitwaa Mombasa mwaka 1837. Malindi, iliyokuwa magofu kwa muda mrefu, ilianza kulimwa tena katika miaka ya 1860, zamani za Seyyid Majid wa Unguja. Mashamba ya mtama na ufuta yalienea, majahazi yakapeleka nafaka Uarabuni, na kazi yote hiyo ngumu ilifanywa na watumwa. Mwaka 1873 Seyyid Barghash, akishurutishwa na Waingereza, alikubali kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Na mwaka 1876 akakataza misafara ya watumwa barani. Hapo zingatia sana: lililokatazwa ni kuuza na kusafirisha, si kumiliki. Aliyekuwa mtumwa shambani alibaki mtumwa, na bwana wake, kwa kuwa sasa ilikuwa taabu kumpata mwingine, alizidi kumshikilia.

Basi wengi wakatoroka. Watoro walikimbilia bara, wakajificha misituni na kujenga vijiji vyao, kama Makongeni karibu na mto Sabaki. Wengine walikimbilia misheni, hasa Rabai, mahali palipoanzishwa na Krapf na Rebmann mwaka 1846. Toka Rabai mbegu ya Ukristo ilikuwa imekwisha kufika Godoma katika nchi ya Wagiriama, ambako Abe Ngoa, Mgiriama, aliwafundisha wenzake. Miongoni mwa waumini wa kundi hilo ndimo kilimotoka kijiji cha Fuladoyo, mwaka 1879. Watoro waliposikia ya kwamba hapo pana watu wasiomrudisha mtu kwa bwana wake, walimiminika. Kijiji kikakua upesi, kikiongozwa na Waafrika wenyewe, bila padre wala Mzungu wa kukilinda.

Neno hilo la ulinzi si dogo. Hata wamisionari walikuwa katika mashaka. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuishambulia Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa. Na balozi wa Uingereza huko Unguja, John Kirk, aliwaonya wamisionari wasiwapokee watoro, kwa maana sheria ya nchi iliwahesabu kuwa mali ya watu. Ikiwa misheni yenye bendera na balozi ilitetemeka, Fuladoyo ilikuwa na nini? Ilikuwa na mashamba yake, sala zake, na neno lake la kutomtoa mgeni.

Kisha pwani ikaingia vitani. Mwaka 1882 Mbaruk bin Rashid, Mmazrui wa Gasi, aliasi utawala wa Seyyid Barghash, na majeshi ya Sultani yakamfuata mpaka ngome yake ya Mwele. Nchi inapokuwa na vita, mwenye silaha hulipa kisasi bila kuogopa hukumu. Mwaka uliofuata ghadhabu ya wenye watumwa wa Takaungu ilikishukia kijiji, na David Koi akatekwa na kuuawa.

Sasa msomaji, nataka ulifikiri swali moja. Je, mtu huyu aliuawa kwa sababu ya dini yake, au kwa sababu ya kuwahifadhi watoro? Wako watakaosema: ulikuwa ugomvi wa mali tu, dini haikuwamo. Wako watakaosema: aliuawa na Waislamu kwa kuwa ni Mkristo. Kila kauli inaacha kitu nje. Wale wa Takaungu walidai watumwa wao. Na watoro wengi wa vijiji vya msituni walikuwa Waislamu nao, nao waliwindwa vile vile. Tena ni Wakristo wa Ureno na wa nchi nyingine za Ulaya waliowavusha Waafrika wengi mno baharini katika minyororo. Kwa hiyo kisa hiki kisikufanye uichukie dini ya jirani yako. Lakini pia usiitoe imani ndani yake. Kule Fuladoyo, kusali na kumpokea mtoro vilikuwa jambo moja. Waliamini kwamba Mungu hakumwumba mtu kuwa mali ya mtu, nao wakaishi kwa imani hiyo. Aliyetaka kuwanyang'anya wageni wao alikuwa akiwanyang'anya dini yao, ajue asijue.

Kifo cha kiongozi hakikuwa mwisho. Mwaka 1890 Lugard alipopita nchi ya Sabaki, watoro wa Fuladoyo walikuwako bado, akashauriana nao habari za kujikomboa. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa alikuwa ametoa vyeti vya uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400 waliojificha katika misheni, baada ya mabwana wao kulipwa. Na mwaka 1907 sheria ya pwani ikaacha kabisa kuutambua utumwa.

Hesabu basi: tangu 1883 hadi 1907 ni miaka 24. Kwa muda wote huo sheria ilikuwa upande wa Takaungu, na haki ilikuwa upande wa kijiji. Utakapoambiwa siku moja kwamba jambo ni halali kwa sababu sheria imeliruhusu, kumbuka jina la David Koi, kisha uamue.