Halima Hakulipwa: Ujira wa Wanawake Kando ya Njia ya Tabora

Mwaka 1872, katika tembe moja la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora wa leo, mwanamke aitwaye Halima alikuwa akimpikia David Livingstone. Mzee huyo alikwama huko, katika nchi ya Unyanyembe, kwa miezi kadhaa, akiwangoja wapagazi ambao Henry Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Katika shajara yake alimmwagia Halima sifa ambazo watumishi wake wachache walizipata: mwerevu, mwangalifu, mikono safi, hajawahi kukaripiwa hata mara moja. Akaandika kwamba wakifika Unguja atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba yenye bustani.

Livingstone alikufa Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliukausha mwili wake, wakaubeba kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Habari za wanaume hao wawili zinajulikana: walikwenda Uingereza, wakasimulia safari yao, na majina yao yamo vitabuni hadi leo. Halima naye alitembea safari hiyohiyo, pamoja na mumewe Amoda. Horace Waller, aliyeihariri shajara ya marehemu kwa ajili ya kuchapwa, alimwekea maelezo mafupi chini ya ukurasa: mwanamke huyu aliufuata mwili hadi Unguja, na ni jambo la kusikitisha kwamba kifo cha bwana kimeuacha utumishi wake wote bila malipo. Basi. Nyumba hakuipata, wala bustani.

Ukipanda treni ya Reli ya Kati kutoka Tabora kuelekea Dodoma, utapita Igalula, kisha Goweko, kisha Nyahua na Tura. Ni nchi ya miombo, asali na tumbaku, wilayani Uyui. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla yake watu walipita hapa kwa miguu, na Tura, Rubuga na Kigwa vilikuwa vituo mashuhuri vya misafara iliyotoka Ugogo ikienda Unyanyembe. Mnyamwezi wa karne ya 19 aliuona upagazi kuwa kazi ya kiume yenye heshima. Mzigo wake ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Alipatana ujira wake kabla ya kuondoka, na mkuu wa msafara akimpunja aligoma, au aliutua mzigo akaingia porini. Juu ya ujira alipewa posho, ambayo kwa kawaida ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, au kitambaa cha kununulia chakula njiani.

Nafaka mbichi haijipiki. Msafara ulipotua jioni, wapagazi walijinyoosha, na kazi ya wanawake ikaanza: maji, kuni, kutwanga, kusonga ugali. Mchana nao walikuwa wamebeba masufuria na mikeka, na wengi walikuwa na watoto mgongoni. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyeandika kwa kirefu juu ya wapagazi wa Tanzania, ameonyesha kwamba wanawake hawa hawakuwa wafuasi wa kambi tu. Wengine walikuwa wake, wengine watumwa, wengine walikwenda kujitafutia biashara, na wapo waliobeba mizigo kwa ujira wao wenyewe. Lakini hao wa mwisho walikuwa wachache. Kwa wengi, kazi yao ilihesabiwa ndani ya posho ya mwanamume aliyeandikiwa mzigo. Ndui na kuhara damu vilipoingia msafarani havikuuliza nani yumo kwenye mkataba, ila mwenye ujira aliweza kununua kuku na kupumzika kijijini hadi apone. Asiye na chake aliponea kwa huruma ya mwenzake.

Kwa upande wa pili wa dunia, wanawake weusi walikuwa wakilipigania jambo hilohilo. Julai 1881, mtemi Mirambo akiwa bado anatawala Urambo, madobi wa kike wa Atlanta, Marekani, wengi wao watumwa wa zamani, waliunda chama chao na kugoma. Walidai dola moja kwa kila ratili 12 za nguo. Baraza la mji lilitishia kuwatoza leseni ya dola 25 kwa mwaka, nao wakajibu kwamba wako tayari kuilipa, mradi kazi ya udobi iwe chini ya mamlaka yao. Wajukuu wa wajukuu zao wanaishi katika nchi tajiri, lakini mwaka 2021 takwimu za serikali ya Marekani zilionyesha kwamba mwanamke mweusi alikuwa na uwezekano mara 2.6 zaidi ya mwanamke mzungu kufa kwa uzazi. Sababu zake ni nyingi, ubaguzi hospitalini ukiwemo. Hata hivyo, kazi ya ujira mdogo isiyo na likizo wala bima imo ndani yake, na hiyo hata mtu wa Goweko anaielewa bila kufafanuliwa.

Turudi kwetu. Reli iliwaondolea wapagazi kazi, na vijana wa Unyamwezi wakageukia mashamba ya mkonge, wakawa manamba, yaani vibarua wa mkataba. Hapo ndipo wakoloni walipotengeneza hesabu ambayo naiona kuwa wizi uliovaa suti. Mshahara wa Mwafrika ulikadiriwa kuwa wa kumtosha mtu mmoja, kapera, kwa hoja kwamba mke na watoto wake wanakula kutoka shambani. Kumbe aliyekuwa akilifidia shamba la mkonge la Tanga ni mwanamke aliyebaki Unyamwezi na jembe lake. Alilima peke yake, akiwa mjamzito au ananyonyesha, na hakuna karani aliyemlipa senti. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, iliyotoa ripoti yake mwaka 1955, iliukosoa mfumo huo wa mishahara. Wakati huo vizazi viwili vilikuwa vimekwisha kulipa gharama yake.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kubadilika kwa wale walioajiriwa. Mwaka 1975 sheria ilirekebishwa ili mwanamke mfanyakazi apate siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, awe ameolewa au hajaolewa. Hoja ya ndoa wakati ule ilikuwa na kelele zake, kwani wapo walioona kwamba serikali inahalalisha uhuni. Mwaka 2002 Tanzania iliridhia Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ikaingiza kanuni hiyo. Sheria hiyo imezitunza siku 84, ikaongeza hadi 100 kwa anayejifungua watoto zaidi ya mmoja, na inamruhusu mama anyonyeshe hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Hapo ndipo ujira unapogeuka afya: mshono unapona, maziwa yanatoka, na mtoto hapelekwi kwa jirani akiwa na wiki tatu.

Mwajiri wa mwanamke wa Goweko ni nani, basi? Hana. Ana mume mwenye shamba la tumbaku. Kitalu humwagiliwa kuanzia miezi ya kiangazi, na maji huyateka yeye. Miche huhamishwa mvua zikianza. Kisha huja palizi, kuchuma, kufunga majani kwenye fito, kuyapanga ndani ya bani la kukaushia na kuchochea moto usiku. Mwisho huja kuchambua madaraja na kufunga mitumba. Majani mabichi yenye umande hupenyeza nikotini kwenye ngozi: kichwa kinagonga, kizunguzungu, kutapika. Mjamzito hudhani ni mimba inayomsumbua, ilhali nikotini hiyo humfikia na mtoto aliye tumboni. Mitumba ikifika sokoni husomwa kwa jina la mwanachama wa chama cha msingi, mkopo wa pembejeo hukatwa, na kinachobaki huingia kwenye akaunti ya huyo mwanachama. Mara nyingi ni mwanamume.

Mahakama ya Rufani ililigusa jambo hili mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, uamuzi unaotajwa mahakamani hadi leo. Kinachosahaulika ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa kuwa mahakama iliona ameshazitapanya fedha alizopewa na mumewe. Na hata mwenye bahati kuliko yeye huusubiri uamuzi huo hadi ndoa ivunjike. Mgongo wake hausubiri.

Tatizo lina kalenda pia. Masika ndipo kazi inapokuwa nzito kuliko zote, malaria inapopanda, barabara inapokatika na mfuko unapokuwa mtupu. Fedha za tumbaku huja baada ya masoko kufunguliwa. Mama anayetazamia kujifungua Februari anajitafutia nauli ya kwenda Kitete, hospitali ya mkoa, kwa fedha ambazo bado zinaning'inia banini. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa wakiwa na upungufu wa damu. Damu haiongezeki kwa ugali na mlenda peke yake, na nyama na mayai vinataka fedha mkononi mwa yule anayepika.

Kuna mambo mawili yasiyohitaji kusubiri mjadala mrefu. Hakuna sheria ya ushirika inayomkataza mke kuwa mwanachama kwa jina lake na kuuza mitumba yake, na viongozi wa vyama vya msingi wanaweza kulianza hilo kwenye uandikishaji wa msimu ujao. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imekwisha pitishwa tangu 2023, mchango wa kaya za wakulima wa tumbaku ukusanywe wiki ya masoko, kabla mbolea ya msimu mwingine haijaanza kuzungumziwa.