AMIN NA NCHI ZA NJE: UAMUZI ULIANZIA KAMBINI (SEHEMU YA 3)

Sehemu ya 2 tuliona Amin akichukua nchi tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Leo tujibu lile swali lenu: serikali ya kijeshi inaamuaje mambo ya nchi za nje?

Mimi naanza hivi: anayeamua anamwogopa nani? Amin hakuogopa bunge, alishalivunja. Uchaguzi haukuwepo. Aliyebaki wa kumtoa ni mtu mwenye bunduki. Kwa hiyo urafiki na ugomvi wake na nchi nyingine ulipimwa kwanza kwa jicho la kambini.

ISRAELI. Waisraeli ndio waliokuwa wakifundisha jeshi lake na marubani wake. Julai 1971 akaenda kwao kuomba silaha zaidi, hakupata alichotaka. Februari 1972 akatua Libya kwa Gaddafi. Mwezi uliofuata Waisraeli wakaambiwa wafungashe. Miezi michache tu, rafiki kageuka adui!

WAASIA. Tarehe 4 Agosti 1972, Tororo, mbele ya wanajeshi, akatangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke. Wakapewa siku 90. Alisema ameoteshwa ndotoni. Siku chache baadaye wakaongezwa Wahindi, Wapakistani na Wabangladeshi. Yaani amri inatoka leo, kesho inabadilika, na watumishi wa serikali wanakimbizana nayo.

Wauguzi wenzangu mtanielewa hapa. Oda ya mdomo wodini unairudia kwa sauti, daktari anathibitisha, baadaye anaiandika na kusaini. Hatua hiyo ndogo inaokoa watu. Kwa Amin, nani angeirudia oda na kuuliza, "Mheshimiwa, una uhakika?" Walioondoka walikuwemo wafanyabiashara, walimu, madaktari na wafamasia. Mgonjwa wa Kampala aliyebaki bila daktari hakuulizwa chochote.

MAWAZIRI JE? Walikuwepo. Wanume Kibedi, shemeji yake kabisa, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mwaka 1973 akakimbilia uhamishoni. Akaja Michael Ondoga. Machi 1974 mwili wake ukakutwa mtoni Nile. Akafuata Elizabeth Bagaya, binti wa kifalme wa Toro na mwanasheria. Novemba mwaka huohuo akafukuzwa kwa kudhalilishwa hadharani. Sasa wewe ukikalia kiti hicho, utamwambia bosi ukweli au utapiga saluti?

KAGERA. Aprili 1978 Makamu wa Rais, Mustafa Adrisi, alipata ajali mbaya ya gari, akapelekwa Cairo kutibiwa. Wanajeshi waliokuwa upande wake walihisi kuna mkono wa mtu. Manung'uniko yakawa maasi. Mwishoni mwa Oktoba jeshi la Uganda likavuka mpaka wetu, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, zaidi ya kilomita za mraba 1,800, ni la Uganda. Wanahistoria wengi wanaona ugomvi wa ndani ya jeshi ndio uliosukumwa nje ya mpaka. Wazee wetu wa Kyaka na Mutukula walilipa deni la kambi za Uganda.

Serikali za kiraia nazo hukosea, tena sana. Lakini huko kuna mahali pa kusema "subiri" na mtu akalala kwake salama. Kwa Amin mahali hapo palifungwa, na hata yeye mwenyewe hakubakiwa na wa kumwonya. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Kwa hiyo ukisikia serikali yoyote ya kijeshi imevunja urafiki na nchi fulani ghafla, usiishie kwenye hotuba. Uliza huko kambini kuna nini.

Sehemu ya 4: Nyerere alivyojibu. Leo nina naiti, maswali nitayapitia kesho jioni. Wenye wazee waliokuwa Kagera mwaka ule, tusimulieni hapo chini.