Meza ya Liwali

Somo letu ni Nehemia, sura ya 5.

Tumezoea kumsifu Nehemia kwa ajili ya ukuta wa Yerusalemu, uliomalizika kwa siku 52. Lakini katikati ya kazi hiyo palitokea kilio, nao waliolia ni watu wa mji wenyewe na wake zao. Walikuwa wameweka rehani mashamba yao wapate nafaka, wamekopa fedha walipe kodi ya mfalme, na watoto wao walitiwa utumwani kwa ndugu zao Wayahudi. Nehemia akakasirika, akawakemea wakuu hadharani. Wala hakujificha: alikiri kwamba yeye naye alikuwa akikopesha watu. Na kwa miaka 12 hakula posho ya liwali, kwa kuwa watu walikuwa wamelemewa.

Nchi yetu ya Kenya nayo ilipata kulia hivyo. Mwezi wa Oktoba 1919, serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka ikiwaagiza maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya masetla. Hata wanawake na watoto walitajwa. Neno lilikuwa kuhimiza tu. Lakini ukihimizwa na chifu, utakataaje?

Viongozi wa misheni waliandika kuwaombea ulinzi wanawake na watoto. Walifanya vema. Lakini hawakukataa kulazimishwa kwenyewe. Walitaka kuwe kwa sheria, na kwa kazi za manufaa ya nchi. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alilikataa jambo zima, akalipinga kwa kijitabu mwaka 1920. Makelele yalipozidi huko Uingereza, Waziri wa Makoloni, Winston Churchill, aliwakataza maofisa mwaka 1921 kuwatafutia masetla vibarua.

Hapa sisi watu wa Kanisa tuna la kutubu. Tuliona mzigo mgongoni mwa ndugu yetu, tukaomba ufungwe vizuri, badala ya kuomba utuliwe. Nehemia hakuwaambia wakuu wapunguze riba. Aliwataka warudishe mashamba na riba siku ile ile, naye alikuwa mmoja wao.

Masetla wa siku zile hawapo tena, lakini meza ya liwali ingalipo, nasi tumeketi. Yuko msichana afuaye nguo zetu, yuko mlinzi akeshaye langoni, yuko kibarua apaliliaye mahindi yetu. Mwisho wa mwezi twamwambia, "Ngoja kidogo," kisha Jumapili twatia sadaka kwa furaha. Je, sadaka hiyo ni yetu, au ni mshahara wake? Tusingoje waraka wa serikali. Tumlipe leo, tena tumwite kwa jina lake.

Tuombe. Ee Bwana, usikiaye kilio cha mfanya kazi, utufungue mikono yetu kabla hatujaiinua kukusifu. Amina.