Kutoka Mnyororo wa Baiskeli hadi Giaboksi: Bodaboda katika Mpaka wa Busia na Tororo

Mwaka 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mara nyingi historia ya mpaka huu huelezwa kwa mikataba na ushuru. Insha hii inaieleza kwa vyombo vilivyouvuka.

Katika miaka ya 1960 na 1970, vituo vya forodha vya Busia vilitengana kwa zaidi ya nusu maili. Aliyeshuka kwenye gari upande mmoja alilazimika kutembea na mizigo yake. Vijana wenye baiskeli wakafunga mto juu ya keria, wakaita, "Boda, boda!" yaani mpaka hadi mpaka. Wakati wa Idi Amin, bidhaa zilipoadimika Uganda, baiskeli zilibeba pia magendo. Kahawa ilivuka kwenda Kenya, bidhaa za dukani zikarudi.

Kwa nini baiskeli? Tulinganishe na lori linalopita Malaba kuelekea Tororo. Nguvu ya injini yake hupita kwenye klachi, inayoiunganisha au kuitenga, kisha giaboksi, inayopunguza mwendo ili kuongeza nguvu mlimani, halafu propela shafti hadi kwenye difu, inayoyawezesha magurudumu ya kulia na kushoto kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona, mwisho ekseli. Baiskeli husukumwa na gurudumu moja tu, hivyo haihitaji difu. Ina pedeli na mnyororo, na injini yake ni miguu ya kijana. Ilipita vichochoroni, na mnyororo ukikatika fundi aliuunga chini ya mti.

Pikipiki ilipochukua nafasi hiyo, mnyororo ulibaki, lakini klachi na giaboksi viliingia ndani ya injini. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya sisi 250, nazo zikaongezeka haraka. Abiria alifika mapema na mbali zaidi. Dereva naye alipunguziwa jasho, akaongezewa gharama: petroli, oili, vipuri, na mara nyingi deni la mkopo au malipo ya kila siku kwa mwenye pikipiki.

Kwa hiyo, mabadiliko haya hayakuwa ya mwendo pekee. Kijana wa baiskeli aliuza nguvu zake mwenyewe. Wa pikipiki huanza siku akiwa anadaiwa. Anayetaka kuandika historia ya kazi katika mpaka huu aulize kwanza chombo kilikuwa cha nani.