Mabingwa wa igisoro wasio na rekodi

Ukiingia kwenye maduka ya kazi za mikono mjini Kigali, utauziwa igisoro: ubao wenye mashimo 32 na mfuko wa kete 64. Muuzaji atakufundisha papo hapo, na akikuona mgeni atakuachia mchezo wa kwanza ushinde. Sasa mwulize ni nani aliyekuwa bingwa wa igisoro enzi za Mwami Musinga, au Rudahigwa, au hata mwaka wa uhuru, 1962. Huenda akakutajia babu yake.

Na huenda ni kweli. Lakini ushahidi wake uko wapi?

Novemba 1931 Wabelgiji, waliokuwa wakiitawala Rwanda, walimwondoa Yuhi Musinga katika kiti cha enzi wakamtawaza mwanawe, Rudahigwa. Wiki chache baadaye, tarehe 7 Desemba, mbali kabisa na ikulu ya Nyanza, wachezaji wanne waliketi kwenye meza moja ya hoteli mjini New York kucheza briji, mchezo wa karata wa wawili kwa wawili. Upande mmoja ulikuwa wa Ely Culbertson, upande wa pili wa Sidney Lenz. Walicheza duru 150 na hawakumaliza hadi Januari. Culbertson akashinda kwa pointi 8,980.

Pointi hizo tunazijua mpaka ya mwisho kwa sababu kila karata iliyogawiwa iliandikwa, na magazeti yaliripoti kila siku kama yanavyoripoti vita. Mwamuzi mkuu alikuwa luteni wa jeshi, Alfred Gruenther, ambaye baadaye alipanda hadi kuwa kamanda mkuu wa NATO barani Ulaya.

Culbertson mwenyewe alizaliwa Romania mwaka 1891, baba Mmarekani, mhandisi wa migodi, mama Mrusi. Mapinduzi ya 1917 yalifuta utajiri wa familia, naye akageukia karata kutafuta riziki. Kama ndiye aliyekuwa mchezaji hodari kuliko wote wa zama zake ni jambo la kubishania. Wapo wanaomwona mkewe, Josephine, kuwa mtulivu zaidi mezani. Culbertson alichowazidi wenzake wote ni kujua thamani ya karatasi. Mwaka 1929 alianzisha jarida la briji, na mwaka 1930 akatoa kitabu chenye mfumo wake wa kunadi karata. Pambano na Lenz lilikuwa, kwa kusema kweli, vita vya biashara kati ya mifumo miwili, na kila siku ya mchezo ilikuwa tangazo la kitabu. Alipofariki mwaka 1955 aliacha michezo ambayo mtu wa leo anaweza kuipanga mezani na kuicheza upya.

Turudi Rwanda. Kigali ni mji mchanga, ulianzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, lakini kubuguza, yaani kucheza igisoro, hakukungoja Kandt. Kijadi ulikuwa mchezo wa wanaume, na una ndugu pande zote: omweso Uganda, ikibuguzo Burundi, na bao letu la pwani, lenye mashimo yaleyale 32 na kete zilezile 64 ingawa kanuni zake ni nyingine.

Kila mchezaji wa igisoro ana safu mbili za mashimo manane na kete 32. Anachota kete za shimo moja na kuzitembeza moja moja. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete katika safu yake ya ndani, na mashimo yote mawili ya mpinzani yaliyo mkabala yakawa na kete, anazila zote. Lakini kete zilizoliwa hazitoki mchezoni. Mlaji anazitembeza upya kuanzia pale mzunguko ule ulipoanzia, akila tena na tena mkono mmoja ukipata njia. Ubao uliokuwa na matumaini unaweza kugeuka jangwa kabla mwenzako hajapumua. Anayeshindwa ni yule asiyebakiwa na shimo hata moja lenye kete mbili au zaidi.

Fundi wa mchezo kama huu lazima aone mizunguko kadhaa kichwani kabla hajagusa kete. Ni akili ileile inayomwezesha mchezaji wa briji kukumbuka karata zote 52. Ila Mnyarwanda huyu hakuwa na jarida.

Na hapa ndipo panaponishangaza. Ikulu ya Nyanza haikuwa maskini wa kumbukumbu. Ilikuwa na abacurabwenge waliokariri nasaba za wafalme, abasizi waliotunga na kuhifadhi mashairi ya kifalme, na abiru waliotunza siri za mila za ufalme kwa ghibu. Padri Alexis Kagame alipoandika juu ya mashairi hayo mwaka 1951, alikuta hazina iliyovuka vizazi. Kilichohifadhiwa ni kile ambacho ufalme ulikihitaji ili uendelee kuwa ufalme. Ushindi wa mtu mmoja kwenye ubao, jioni moja, haukuwa katika hesabu hiyo.

Wasomi walipokuja, walikuja kwa ajili ya kanuni. Mmarekani Alan Merriam alichapisha makala mwaka 1953 kuhusu kubuguza kaskazini-mashariki mwa nchi. Mwaka 1977 Philip Townshend akatoa uchunguzi wa michezo ya jamii hii Zaire, Rwanda na Burundi. Uganda walikuwa na mwandishi wao, Michael Nsimbi, aliyeandika juu ya omweso mwaka 1968. Kazi njema zote, lakini mchezo ukielezwa bila wachezaji hubaki kama ramani ya mji usio na watu. Aliyesogea karibu zaidi na mtu mwenyewe ni Mholanzi Alexander de Voogt, ambaye utafiti wake wa 1995 uliwahusu mafundi wa bao wa Zanzibar na namna vichwa vyao vinavyopiga hesabu. Sisi wengine tuna picha za Mwalimu Nyerere akicheza bao. Nani alishinda? Picha haisemi.

Linganisha na Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa sataranji na Robert Katende. Alicheza Olimpiadi ya sataranji Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010, na ya Istanbul mwaka 2012. Watu wengi wanamjua kwa filamu ya 2016, lakini hata bila filamu hatua zake zingekuwepo. Mashindano kama hayo ya sataranji humtaka mchezaji aandike kila anachocheza, akishinda au akishindwa.

Igisoro kingeandikika kirahisi kuliko sataranji au briji. Mchezaji akishachagua shimo la kuanzia, mengi yaliyobaki yanajiendesha: kete zitaanguka palepale, zitaliwa zilezile. Yape mashimo 16 ya kila upande namba, weka alama pale mtu anapotumia ruhusa ya kugeuza mwelekeo ili ale, na mchezo mzima utaenea katika mistari michache ya tarakimu. Karani yeyote wa Wabelgiji huko Nyanza, mwenye penseli na dakika chache za mapumziko, angeweza kutuachia mchezo mmoja wa mwaka 1931.